Jina Fupi, Lakabu na Empaako: Uteuzi wa Majina ya Watoto na Usajili Wake jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza majina mafupi wanayopewa watoto jijini Kampala ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa majina ya utani. Yanapambanua aina tatu za majina hayo: yaliyokatwa kutoka majina marefu ya ubatizo, yaliyo mafupi kwa asili katika lugha za Uganda, na empaako, yaani majina 12 yanayotumiwa na jamii kadhaa za magharibi mwa nchi hiyo. Hoja kuu ni kwamba urefu wa jina haufai kuwa kigezo cha hadhi yake. Kigezo kinachofaa ni namna jina lilivyotolewa na kazi linayoifanya katika jamii. Empaako imechukuliwa kuwa mfano mkuu kwa kuwa ndiyo inayochanganywa zaidi na lakabu, na kwa kuwa mkanganyiko huo una athari katika hati za usajili. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kuhusu nafasi ya empaako katika daftari la vizazi na istilahi ya kuitaja kwa Kiswahili.

Maneno makuu: empaako, lakabu, majina mafupi, usajili wa vizazi, Kampala

1.0 Utangulizi

Kumpa mtoto jina ni haki na ni wajibu. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataka mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa na awe na jina tangu siku hiyo. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto inasema vivyo hivyo. Mikataba hii haisemi jina liwe na silabi ngapi, wala haifafanui kipi ni jina kamili na kipi ni jina la mzaha. Uamuzi huo huachiwa desturi, na pale desturi zinapokutana kwa wingi kama jijini Kampala, huangukia mikononi mwa karani anayejaza fomu.

Kampala ni jiji la lugha nyingi. Kiganda ndicho kinachotawala masoko na mitaa, lakini katika wodi moja ya wazazi ya Mulago, Nsambya, Rubaga au Mengo anaweza kupatikana Muganda, Mutooro, Muacholi, Munyankole na Mteso. Kila mmoja huja na utaratibu wake wa majina. Isitoshe, katika jamii nyingi za Uganda jina la baba halirithiwi kwa lazima: watoto watatu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti kabisa ya kiasili, kila moja likieleza ukoo, mpangilio wa kuzaliwa au hali ya familia. Mtu aliyezoea jina la kwanza na jina la ukoo hupata tabu ya kujua lipi kati ya majina hayo ni la msingi na lipi ni nyongeza. Jina likiwa fupi, tabu hiyo huongezeka, kwa kuwa ufupi huhusishwa haraka na utani au kubembeleza.

Katika makala haya majina ya jamii yameachwa katika maumbo yake ya asili, yaani Baganda, Batooro na Banyoro. Sababu moja ni ya kiisimu: kuliswahilisha jina Batooro kungeleta umbo “Watoro”, ambalo kwa msomaji wa Kiswahili lina maana ya watu waliotoroka.

2.0 Aina tatu za majina mafupi

2.1 Majina yaliyokatwa

Aina ya kwanza ni majina yaliyotokana na kufupisha majina marefu, hasa ya Kikristo. Ben hutokana na Benedicto au Benjamini, Sam na Samweli, Betty na Elizabeth. Hapa ndipo dhana ya kwamba jina fupi ni la utani inapopata nguvu, kwa kuwa mara nyingi ni kweli kwamba umbo fupi ni la mazoea na umbo refu ndilo lililoandikwa kanisani. Mfano ulio wazi uko katikati ya Kampala kwenyewe. Barabara ya Ben Kiwanuka imepewa jina la Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, aliyeuawa mwaka 1972. Jina la hati lilikuwa Benedicto, na mtaa umechukua jina la mazoea.

Hata hivyo, kanuni hiyo haimhusu kila mtu. Kwa watoto wengi wa Uganda umbo fupi ndilo walilopewa tangu mwanzo, na hakuna umbo refu lililo nyuma yake. Mwanasiasa Sam Kutesa, aliyekuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa katika kikao cha 69 cha mwaka 2014 hadi 2015, anatajwa katika kumbukumbu za Umoja huo kwa jina la Sam Kahamba Kutesa. Karani akiona “Sam” na kuandika “Samuel” kwa nia ya kusahihisha, huwa ameunda mtu wa pili. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule vitakuwa na majina mawili, na mwenye majina atalazimika kuthibitisha kwamba yeye ni mmoja.

2.2 Majina mafupi kwa asili

Aina ya pili haitokani na kukata chochote. Miongoni mwa Baganda, pacha wa kiume anayetangulia huitwa Wasswa na anayefuata huitwa Kato. Wa kike ni Babirye na Nakato. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza, na anayemfuata ni Kamya. Kwa Batooro na Banyoro mapacha wa kiume ni Isingoma na Kato, wa kike ni Nyangoma na Nyakato, kisha huja Kiiza, Kaahwa, Irumba na Barongo. Kwa Waacholi na Walango pacha wa kwanza ni Opio au Apio, wa pili ni Ocen au Acen, anayefuata mapacha ni Okello au Akello, na baada yake huja Odong au Adong.

Jina Kato linastahili kuangaliwa kwa karibu. Lina kiambishi ka- cha udogo na mzizi -to wenye maana ya uchanga au udogo, mzizi ambao msomaji wa Kiswahili ataukumbuka katika neno “mtoto”. Kwa umbo lake, basi, linafanana kabisa na jina la kudekeza. Kwa matumizi yake ni jina zito: linatolewa na kuzaliwa kwenyewe, wazazi hawana hiari nalo, na huwapa wazazi hao vyeo vya Ssalongo na Nnalongo ambavyo huheshimiwa maishani mwao mwote. Kato anaweza kuwa profesa au mzee wa miaka 80 na jina lake likabaki lilelile. Udogo ulio katika umbo la neno hautoi taarifa yoyote kuhusu hadhi ya jina.

2.3 Empaako

Aina ya tatu ndiyo inayoleta utata mkubwa zaidi. Empaako ni utaratibu wa majina unaofuatwa na Batooro, Banyoro, Batuku, Batagwenda na Banyabindi wa magharibi mwa Uganda. Mbali na jina lake la kiasili na jina la dini, kila mtu hupewa jina moja kutoka orodha ya majina 12 ambayo jamii hizo huyatumia kwa pamoja: Abwooli, Adyeeri, Akiiki, Amooti, Abbooki, Apuuli, Araali, Acaali, Atenyi, Atwooki, Bbala na Okaali. Okaali ni la Omukama, yaani mfalme, na kwa hiyo watu wa kawaida hugawana yaliyobaki. Masimulizi ya jamii hizo huyahusisha majina haya na kuja kwa watawala wa ukoo wa Babiito, wenye asili ya Kiluo, na baadhi ya maumbo yake yanaelekea kuunga mkono maelezo hayo: katika Kiacholi kitenzi “moto” ni kuamkia, na “calo” ni kufanana.

Waandishi wa Kiingereza wamezoea kuitafsiri empaako kwa neno lenye maana ya jina la kubembelezea. Tafsiri hiyo imeingia katika magazeti, vitabu vya shule na mazungumzo ya kila siku ya Kampala, na ndiyo chanzo cha kuidhania empaako kuwa lakabu.

3.0 Namna empaako inavyoteuliwa

Kwa desturi, empaako hutolewa nyumbani katika hafla inayoongozwa na mkuu wa ukoo. Mashangazi wa upande wa baba humpokea mtoto mchanga na kumchunguza sura. Wakiona anafanana na jamaa fulani, mfanano huo huwa msingi wa uteuzi, na mtoto hupewa empaako ya jamaa huyo. Mkuu wa ukoo ndiye anayelitangaza jina. Baada ya hapo watu hula pamoja ugali wa ulezi na nyama ya ng’ombe iliyokaushwa kwa moshi, mtoto hupewa zawadi, na mti hupandwa kwa heshima yake.

Utaratibu huu una mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa. Kwanza, mwenye kuamua ni ukoo, na wazazi wawili hawaamui peke yao. Pili, orodha imefungwa: hakuna anayeruhusiwa kubuni jina la 13. Tatu, uteuzi unamweka mtoto katika mstari wa watu waliomtangulia, kwa kuwa jina linasema amefanana na nani.

Jijini Kampala masharti ya desturi hii hayapatikani kwa urahisi. Fort Portal iko mwendo wa takribani kilomita 300, mashangazi hawako jirani, na mara nyingi mzazi mmoja ni wa jamii isiyokuwa na empaako kabisa. Wapo wanaoamua kwa simu, wapo wanaosubiri safari ya Krismasi, na wapo wanaochagua wenyewe jina lenye sauti nzuri. Mtoto anaweza kukua akiitwa Abwooli bila kujua aliyefanana naye ni nani, na bila kujua lugha ambamo jina hilo hutumika katika salamu. Hali ya namna hii ndiyo iliyofanya UNESCO, katika kikao cha kamati yake kilichofanyika Baku mwezi Desemba 2013, kuiingiza empaako katika Orodha ya Urithi wa Kitamaduni Usioshikika Unaohitaji Kulindwa kwa Haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kupungua sana kwa hafla za kutoa jina na kupungua kwa matumizi ya lugha inayolibeba.

4.0 Kwa nini empaako haiwi lakabu

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribia maana hii: lakabu, jina la utani, jina la kupanga na jina la utotoni. Kila moja likipimwa, linashindwa kuikamata empaako.

Lakabu hutokana na sifa, tabia au tukio. Mtu mrefu huitwa Twiga, na aliyependa kitu fulani hubandikwa jina la kitu hicho. Lakabu hubuniwa, kwa hiyo idadi yake haina mwisho. Empaako haielezi sifa ya mtu, na idadi yake imekwisha kupangwa.

Jina la utani huhitaji uhusiano wa utani. Anayelitumia kwa asiyemzoea huonekana hana adabu. Empaako hufanya kinyume chake. Watu wawili wasiojuana wanapokutana huulizana empaako kabla ya kusalimiana, kisha salamu hufuata: “Oraire ota, Adyeeri?”, yaani umeamkaje, Adyeeri. Mdogo hamwiti mkubwa kwa jina lake la kiasili, lakini humwita kwa empaako na hapo huwa amemheshimu. Katika ugomvi, kumtaja mtu kwa empaako yake hupoza hasira. Katika Kiswahili cha pwani kazi ya namna hii hufanywa na majina ya uzazi kama Mama Asha au Baba Juma, ambayo nayo humwezesha msemaji kuepuka kulitaja jina la mkubwa. Tofauti ni kwamba jina la uzazi husubiri mtu azae, na empaako huanza utotoni.

Jina la kupanga hujichagulia mwenyewe mwenye jina, kama wafanyavyo waandishi na wasanii. Empaako hutolewa na wengine. Na jina la utotoni huachwa mtu akikua, ilhali empaako hudumu hadi kifo. Hata mgeni anayeolewa au kuoa katika jamii hizi hupewa empaako, na kuipokea huwa ni kukubaliwa kuwa mmoja wao.

Kwa vipimo hivi vyote, empaako ni jina kamili lenye kazi yake maalumu. Majina mengine ya mtu humtenga na wenzake. Empaako humuunganisha nao.

5.0 Jina katika daftari

Tangu Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, vizazi, vifo na vitambulisho nchini Uganda husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Vitambulisho na Usajili, NIRA, yenye makao makuu Kololo, Kampala. Kitambulisho cha taifa hugawanya jina katika sehemu mbili kuu, jina la ukoo na jina la kupewa, na fomu ya maombi huacha nafasi ya majina mengine. Mgawanyo huu unatokana na desturi ya Ulaya, na jina la Kitooro linaingia humo kwa shida.

Chukuliwe mfano wa watu wawili wa jamaa ya kifalme ya Toro ambao majina yao yamo katika kumbukumbu za umma. Mwandishi wa kitabu Africa Answers Back, kilichochapishwa London mwaka 1936, ameandikwa Akiki Nyabongo. Elizabeth Bagaaya Akiiki, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda mwaka 1974, ana empaako hiyohiyo. Kwa Nyabongo empaako imetangulia, na msomaji wa nje huiona kuwa jina lake la kwanza. Kwa Bagaaya imekuja mwisho, na msomaji huyohuyo huiona kuwa jina la ukoo. Tahajia nazo zimetofautiana: moja ina irabu moja, nyingine irabu mbili. Mtunza maktaba asiyeijua empaako anaweza kudhani kwamba watu hawa wana jina la ukoo katika kadi moja na jina la ubatizo katika nyingine, wakati katika kadi zote mbili ni kitu kimoja.

Kwa mtoto wa Kampala matokeo ya mkanganyiko huo ni ya gharama. Empaako ikiandikwa katika taarifa ya kuzaliwa ya hospitali, ikaachwa katika cheti, kisha mwalimu akaiandika tena katika orodha ya Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, mtoto atakuwa na hati tatu zisizolingana. Mtu mzima anayetaka kubadili jina hutakiwa kutangaza nia hiyo katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya daftari kurekebishwa, jambo linalohitaji muda na fedha. Aidha, tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kusafiri kati ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa. Jina lililopangwa vibaya Kololo husomwa upya na ofisa wa Malaba au Busia ambaye huenda hajawahi kulisikia neno empaako.

6.0 Je, empaako iandikwe?

Ipo hoja yenye uzito inayopinga kuiandika. Daftari la serikali lina kazi ya kumtambulisha mtu mmoja na kumtofautisha na wengine. Majina 12 yanayogawanywa kwa jamii tano hayawezi kufanya kazi hiyo: maelfu ya watu ni Akiiki. Zaidi ya hayo, empaako huishi katika kutamkwa. Nafasi yake ni mdomoni mwa anayesalimia, na kuipeleka kwenye kadi ya plastiki kunaweza kuwapa wazazi faraja kwamba imehifadhiwa wakati nyumbani haisemwi.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii imepunguzwa nguvu na teknolojia. Kazi ya kumtofautisha mtu sasa hufanywa na namba ya utambulisho ya taifa yenye herufi na tarakimu 14. Majina hayabebi tena mzigo huo peke yake, na hakuna hasara kwa daftari kupokea jina linalorudiwa. Jina Kato nalo hurudiwa na hakuna aliyewahi kulikataa kwa sababu hiyo.

Sehemu ya pili ni ya kweli na inapaswa kukubaliwa. Cheti hakiwezi kuchukua nafasi ya shangazi wala ya salamu. Hata hivyo, kwa mtoto wa mjini asiyesikia Kitooro kila siku, maandishi yanaweza kuwa mahali pa kwanza anapokutana na swali: kwa nini mimi naitwa Araali? Hati haitamjibu, ila itampa sababu ya kuuliza nyumbani. Ibara ya 37 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kuwa sehemu ya utamaduni na kuudumisha. Kwa msingi huo, uamuzi wa kuiandika au kutoiandika empaako unapaswa kuwa wa familia, na fomu isiuamue kwa niaba yao.

7.0 Istilahi ya Kiswahili

Suala hili linawahusu wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kutumika kwake kama lugha rasmi kulingana na azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utekelezaji wa uamuzi huo utahitaji fomu za Kiswahili, na fomu ya kuandikisha mtoto ni miongoni mwa zile zitakazowafikia watu wote.

Mfasiri atakayeanzia kwenye Kiingereza atakutana na “jina la kubembelezea” na kuandika lakabu au jina la utani. Kosa lililofanywa na Kiingereza litakuwa limehamia katika lugha ya pili, safari hii likiwa na muhuri wa serikali. Inafaa mfasiri aanzie kwenye Kitooro na Kinyoro. Neno empaako linatamkika bila shida kwa Kiswahili, tayari linatumiwa na Waganda wa jamii zote, na linaweza kuingizwa katika ngeli ya I-/ZI-: empaako hii, empaako hizi. Kulichukua jinsi lilivyo ni afadhali kuliko kubuni istilahi ndefu ya maelezo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba majina mafupi ya Kampala yana asili tatu tofauti, na kwamba ni sehemu tu ya aina ya kwanza inayoweza kuitwa majina ya mazoea. Kutokana na maelezo hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, makarani wa vizazi waandike jina kama mzazi alivyolitaja, bila kulirefusha wala kulikata. Pili, empaako, kwa familia inayotaka iandikwe, iwekwe daima katika nafasi ya majina mengine, ili isidhaniwe kuwa ya ukoo wala ya ubatizo. Tatu, orodha ya majina 12 iwekewe tahajia moja sanifu na kupelekwa katika hospitali, shule na ofisi za usajili. Nne, fomu na kamusi za Kiswahili zitumie neno empaako na kulifafanua kuwa jina la heshima na la salamu linalotolewa na ukoo.

Mapendekezo haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji karani amuulize mzazi swali moja zaidi kabla ya kuandika: jina hili alipewa na nani, na ataitwa hivyo na akina nani?